Pikipiki ya mtumba ya cc 250 hadi 650: Usimalize fedha zote kwa muuzaji

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTU mwenye shughuli nje ya mji, awe mnunuzi wa mazao, fundi wa majenereta au msambazaji wa dawa za mifugo, hufika mahali akaona pikipiki ndogo ya cc 100 au 125 haimtoshi tena. Mzigo ni mzito, njia ni mbaya, na mlima mkali ukifika inambidi abiria ashuke atembee. Gari hana uwezo nalo. Hapo ndipo macho yake huelekea kwenye pikipiki za uzito wa kati, yaani zile zenye injini ya cc 250 hadi 650, ambazo nyingi zimekwishatumika kabla hazijamfikia.

Pikipiki hizi hupatikana kwa njia mbili kuu. Kuna zinazoletwa kutoka Japan zikiwa mtumba, na kuna zile zilizonunuliwa mpya na ofisi au miradi, zikatumika mikoani kwa miaka kadhaa, kisha zikauzwa kwa mnada. Majina yanayotajwa sana na wapenzi wa pikipiki za aina hii ni Honda XLR 250 na XR 250, Yamaha TT-R 250 na XT 600, Suzuki DR 250 na DR 650, Honda Transalp 600 na Kawasaki KLR 650.

Tatizo la mnunuzi mwenye fedha kidogo si kukosa pikipiki, bali ni kuinunua kwa fedha zote alizonazo. Bei anayotaja muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Gharama kamili ni bei hiyo, pamoja na kila kitakachotumika mpaka pikipiki iweze kutembea barabarani kwa usalama na kumwingizia mwenyewe kipato. Anayesahau sehemu ya pili hujikuta ana mtaji uliolala uani, umefunikwa turubai.

Mwandishi wa makala hii anajua hilo kwa gharama yake mwenyewe. Alinunua pikipiki ya cc 250 iliyong'arishwa vizuri, akalipa mpaka senti ya mwisho, na siku ya tatu akagundua kuwa beringi za gurudumu la nyuma zimekwisha, tairi la mbele limepasukapasuka na foki zinavuja oili. Miezi miwili ilipita kabla hajaweza kuiendesha, na muda wote huo alikuwa akilipa nauli ya daladala kama kawaida.

HESABU KABLA YA SAFARI YA SOKONI

Tuchukue mfano wa mtu mwenye Sh. milioni 6 mkononi. Namba zinazofuata si bei za soko, ni za kuonyesha jinsi ya kupiga hesabu.

Anaonyeshwa pikipiki mbili. Ya kwanza inauzwa Sh. milioni 3.4, lakini inahitaji matairi mawili, cheni na sproketi, pedi za breki, betri, sili za foki na matengenezo ya klachi, ambayo kwa jumla yatagharimu Sh. milioni 2.3. Ya pili inauzwa Sh. milioni 4.2, na inahitaji tairi moja, pedi na huduma ya kawaida ya oili na filta, jumla Sh. 800,000.

Pikipiki ya "rahisi" itakuwa imemgharimu Sh. milioni 5.7. Ya "ghali" itakuwa imemgharimu Sh. milioni 5. Aliyechukua ya pili atabakiwa na Sh. milioni moja ya makaratasi, bima na dharura. Aliyechukua ya kwanza atabakiwa na Sh. 300,000, ambazo zikishalipia makaratasi hakuna tena. Siku kebo ya klachi itakapokatika njiani, ataanza kukopa.

Kanuni inayofaa kwa mwenye fedha kidogo ni kutenga kati ya robo na theluthi moja ya fedha zake zote kabla hajaanza kutafuta, na fedha hizo zisitajwe kabisa mbele ya dalali. Fedha hizo ni za matairi, breki na yale yasiyoonekana. Muuzaji akishajua una milioni 6, pikipiki yake nayo itakuwa ya milioni 6.

CC NGAPI ZINATOSHA?

Wanunuzi wengi huamini kuwa kubwa zaidi ni bora zaidi. Kwa biashara si lazima iwe hivyo. Pikipiki ya cc 250 ya njia mbovu ina uzito unaoweza kuinuliwa na mtu mmoja ikianguka kwenye matope. Ya cc 650 ina nguvu ya kupanda mlima na abiria na mzigo, na hutulia vizuri katika safari ya lami kama ya Dar es Salaam hadi Morogoro, karibu kilomita 200. Lakini ikilala kwenye mchanga, utamsubiri mpita njia.

Kuna suala la petroli pia. Pikipiki ya cc 250 inayotunzwa vizuri huweza kwenda kilomita 30 hivi kwa lita moja, na ya cc 650 yenye silinda moja kilomita 20 hivi. Kwa mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, ya kwanza itakunywa lita 33 na ya pili lita 50. Tofauti ni lita 17 kila mwezi. Msomaji azidishe kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi husika, kisha kwa miezi 12, ndipo aamue kama zile cc za ziada zina kazi ya kufanya au ni za kuonyesha majirani.

Aidha, kwa mwenye bajeti finyu, injini ya silinda moja inayopozwa na hewa ina vitu vichache vya kuharibika kuliko inayopozwa na maji. Hii ya pili ina rejeta, mipira, pampu na feni, na kila kimoja kina umri wake. Haina maana kuwa inayopozwa na maji ni mbaya, ila mnunuzi aweke gharama hizo kwenye hesabu.

ULIZA SPEA KABLA YA KUULIZA BEI

Pikipiki ndogo zinazobeba abiria zina spea kila mtaa. Za uzito wa kati hazina bahati hiyo. Cheni ya pikipiki nyingi ndogo ni saizi 428, wakati nyingi za cc 250 na kuendelea hutumia 520 au 525. Tairi la mbele la pikipiki nyingi za njia mbovu ni la inchi 21, na duka la tairi za bodaboda halilazimiki kuwa nalo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa muuzaji, andika orodha ya vitu vinane: tairi la mbele, tairi la nyuma, cheni na sproketi zake, pedi za breki, sahani za klachi, kebo, filta ya oili na gasketi za injini. Zunguka Kariakoo na Gerezani ukiulizia bei za vitu hivyo kwa aina ya pikipiki unayoitaka. Kama vitano kati ya vinane havipo na havijulikani vitafika lini, hiyo si pikipiki ya mtu mwenye fedha kidogo, hata kama inauzwa kwa bei ya kutupa.

Kuna nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Beringi za magurudumu zina namba za kimataifa zilizochongwa pembeni, kwa mfano 6202 au 6203. Ukiwa na namba hiyo huna haja ya kutafuta "beringi ya Honda" wala "ya Yamaha". Nenda duka lolote la beringi ununue ya namba hiyohiyo yenye ubora. Sili nazo huuzwa kwa vipimo. Namba hizo mbili huokoa fedha na siku nyingi za kusubiri.

UKAGUZI WA NUSU SAA

Fika asubuhi, na mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa tahadhari. Ikiwa ina joto, imepashwa ili iwake kwa urahisi mbele yako. Ahirisha, urudi siku nyingine ikiwa imelala.

Ikiwashwa, angalia moshi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, dalili ya ringi za pistoni au sili za valvu kuchoka. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na mara nyingi hilo ni jambo la kabureta au filta ya hewa iliyoziba. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache si tatizo, lakini ukiendelea kwenye injini inayopozwa na maji, ondoka. Vivyo hivyo oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni ishara kuwa maji yameingia ndani ya injini.

Baada ya injini, rudi kwenye chuma. Chunguza fremu chini ya shina la usukani na mahali keria ya nyuma inapofungwa, maana pikipiki iliyobeba magunia hupasuka hapo kwanza. Rangi mpya sehemu moja tu ya fremu inahitaji maelezo. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukiona unanasa katikati kama kwenye kijishimo, beringi za usukani zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi za gurudumu au za mkono unaolishika.

Gonga spoku moja moja kwa spana. Zilizokaza hulia, zilizolegea hutoa sauti ya kufa. Vuta cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ikiinuka ukaona nusu ya jino, imechakaa, na meno yaliyopinda kama mapezi ya papa yanathibitisha hilo. Cheni na sproketi zibadilishwe pamoja, kwani cheni mpya kwenye meno ya zamani hufa mapema.

Tairi lisome tarehe yake, siyo kashata peke yake. Pembeni kuna namba nne ndani ya kijiduara. Namba 2319, kwa mfano, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye kashata nene linaweza kuwa gumu kama ubao, na hilo huteleza kwenye lami yenye mvua.

Mwisho pima umeme, kama una mita ndogo. Betri nzima inayopumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiongezwa mzunguko inatakiwa kupanda mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki palepale, mfumo wa kuchaji una ugonjwa, na ugonjwa huo huwa si wa bei ndogo.

Kila aina ina udhaifu wake unaojulikana. Kawasaki KLR 650 za tangu 1987 hadi 2007 zina mkono mdogo wa kukaza mnyororo wa mizani ndani ya injini ambao huweza kuvunjika, na wenye nazo hufunga wa chuma imara zaidi. Suzuki DR 650 ina skrubu mbili za swichi ya nyutro, ndani ya upande wa klachi, ambazo huweza kulegea na kuanguka kwenye mashine. Muulize muuzaji kama kazi hiyo imefanywa. Asiyejua swali lenyewe huenda hajawahi kuifungua pikipiki yake.

MAKARATASI

Namba ya fremu huchongwa kwenye shina la usukani, na ya injini kwenye mwili wa injini. Zote mbili zilinganishwe na kadi ya usajili, herufi kwa herufi. Namba iliyosuguliwa au kuchongwa upya ni sababu ya kutosha kuaga.

Aidha, jina lililo kwenye kadi liwe la mtu anayekuuzia, au awepo mwenye jina. Kisa cha "mwenyewe yuko safari, kadi nitakuletea" kimewapoteza wengi. Malipo yaandikiwe hati ya mauziano, na uhamisho wa umiliki ufanywe TRA mapema, kwani pikipiki isiyo kwa jina lako huwezi kuiuza vizuri wala kuiwekea dhamana. Ongeza bima, na hakikisha leseni yako inaruhusu ukubwa huo wa injini.

MAREKEBISHO KWA UTARATIBU

Mnunuzi akishaimiliki, hushikwa na hamu ya kuibadilisha. Hapa ndipo fedha ya akiba huliwa kwa mambo ya mwisho kabla ya yale ya kwanza. Utaratibu unaomfaa mwenye fedha kidogo ni huu.

Kwanza, vinavyokusimamisha na kukushikilia barabarani. Matairi, pedi, oili ya breki, kebo, beringi, cheni. Oili ya breki iliyogeuka kahawia imenyonya maji. Ibadilishwe siku ya kwanza. Hakuna kinachoongeza thamani ya matumizi kuliko breki inayoshika. Kofia ngumu inayokutosha nayo ihesabiwe hapa, isiachwe kwenye kundi la mapambo.

Pili, foki na shokapu. Oili ya foki husahaulika kwa miaka, na kuibadilisha pamoja na sili ni kazi ya gharama ndogo inayobadilisha pikipiki nzima. Kisha rekebisha springi ya nyuma kulingana na uzito wako. Ukikaa na mzigo wako wa kawaida, pikipiki izame karibu asilimia 30 ya mwendo wake wote; yenye mwendo wa milimita 230 izame kama milimita 70. Ikizama nusu nzima, springi imelala au ni laini kwako.

Tatu, kinga na mzigo. Bamba la chuma chini ya injini, kinga za mikono na keria imara ni vitu ambavyo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kutengeneza mjini kwa gharama ndogo kuliko kuagiza vya nje. Sharti ni kwamba keria ifungwe kwa bolti kwenye sehemu zilizowekwa na kiwanda. Asichomelee moja kwa moja kwenye fremu, maana joto huidhoofisha fremu mahali inapobeba uzito. Betri itolewe na waya zake zitenganishwe kabla ya kuchomelea chochote karibu na pikipiki.

Nne, uwiano wa gia. Haya ndiyo mabadiliko ya nguvu yenye gharama ndogo kuliko yote. KLR 650, kwa mfano, hutoka kiwandani na sproketi ya mbele ya meno 15 na ya nyuma 43, uwiano wa 2.87. Ukiweka ya mbele ya meno 14, uwiano unakuwa 3.07, yaani mvuto unaongezeka kwa asilimia 7 hivi kwenye kila gia. Kwa mzunguko uleule wa injini uliokupa kilomita 90 kwa saa, sasa utapata 84. Kwa anayepanda milima na magunia hiyo ni biashara nzuri. Kwa anayeshinda kwenye lami ni hasara ya petroli.

Tano, filta ya hewa. Usiongeze kitu, ioshe na kuipaka oili yake mara kwa mara kama ni ya sponji. Vumbi la barabara za mikoani ni msasa ndani ya silinda. Wapo wanaotoa boksi lote la filta na kufunga kifilta kidogo cha wazi ili injini "ipumue". Kwenye vumbi, wanachofanya ni kununua pistoni mpya kwa awamu.

La mwisho kabisa, na pengine lisifike, ni bomba la moshi la kelele. Kubadilisha bomba bila kurekebisha kabureta kunaweza kuifanya injini ipate petroli pungufu na kupata joto kupita kiasi. Nguvu inayopatikana ni ndogo, na mnunuzi wa kesho hatakulipa hata shilingi kwa ajili yake.

FEDHA HAIRUDI YOTE

Kwa lugha ya mahesabu, fedha za marekebisho ni matumizi, siyo uwekezaji. Pikipiki iliyonunuliwa kwa Sh. milioni 4.2 na kutiwa vitu vya milioni 2 haiwi ya milioni 6.2 sokoni. Atakayeinunua ataangalia aina, mwaka, makaratasi na hali ya injini. Kwa hiyo tunza kila kifaa cha asili ulichokitoa, kisafishe, kiweke kwenye boksi, na uandike kwenye daftari kila oili uliyobadilisha pamoja na tarehe na kilomita. Daftari hilo halikugharimu kitu, lakini siku ya kuuza ndilo litakalokutofautisha na mwenye pikipiki iliyong'arishwa tu.

Mnunuzi mwenye fedha kidogo hashindani na mwenye nyingi kwa kununua cha bei ya juu, wala kwa kukimbilia cha bei ya chini. Anachoweza ni kuwa na subira: kuziona pikipiki tano kabla ya kulipia moja, na kurudi nyumbani na fedha zake siku ambayo hakuna iliyofaa. Muuzaji atamwambia kuna mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Amwache huyo mwingine aje.